Vidonge vya usingizi haviachwi kwa kukaza moyo

"Yeye si teja, anameza dawa ya daktari, akitaka ataacha hata leo." Kauli hii utaisikia Nairobi, Eastleigh hadi Kawangware, na imekosea mara mbili.

Diazepamu, kidonge cha kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, ni ileile, iwe imeandikwa na daktari au imenunuliwa kichochoroni. Imezwe kila siku kwa wiki kadhaa, mwili utaizoea.

Kosa la pili, kwamba ataacha hata leo, ndilo la hatari. Dawa hizi huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, nao ubongo hujirekebisha ukapunguza utulivu wake wenyewe. Kidonge kikikatwa ghafla, breki hakuna: mikono hutetemeka, usingizi hupaa, wengine hupata degedege inayoweza kuua. (Hali ya kuikosa heroini, yaani arosto, tunayoiogopa zaidi, ni mateso makali lakini huua kwa nadra.) Anayemfungia ndugu yake chumbani "atoke sumu" anacheza na moto.

Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, huku mshauri akishughulikia wasiwasi ulioanzisha yote. Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, hutibu uraibu. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nao hupokea simu bila malipo kwa 1192.