Ile ardhi tambarare kando ya mto imeletwa na mto wenyewe

Kazi yangu ni mito, namna inavyochimba, kubeba na kutandaza udongo, na swali ambalo watu huniuliza sana ni kwa nini mto fulani umeingia shambani au kwenye nyumba za watu. Huwa naanza kwa kuwauliza na mimi: hiyo ardhi unadhani imetoka wapi? Maana kile kipande tambarare chenye udongo mzito na rutuba hakikuwepo pale tangu mwanzo, mto ndo umekileta, tope juu ya tope kwa maelfu ya miaka, na umekileta kwa mafuriko yale yale tunayoyalalamikia leo.

Huku juu milimani mambo ni rahisi kuelewa. Mteremko ni mkali, maji yana spidi, mto unachimba kwenda chini. Na kinachochimba sio maji peke yake, ni mchanga, kokoto na mawe yanayoburuzwa na maji yakisaga mwamba. Mto Colorado kule Marekani umekata hivyo mpaka Grand Canyon ikapata kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu.

Ukishuka chini kwenye tambarare mto unabadilika tabia kabisa, unaacha kuchimba chini unaanza kuchimba pembeni. Angalia kona yoyote ya mto: upande wa nje maji yanakimbia na yanakula ukingo, upande wa ndani yanatembea taratibu na kuangusha mchanga, kwa hiyo kona inazidi kujipinda na mto mzima unahama polepole, huku unamega huku unajenga. Kona ikizidi sana, siku ya maji mengi mto unakata njia ya mkato na kile kipande cha zamani kinabaki kama ziwa lenye umbo la upinde. Ukiziona hizo alama kwenye picha za satelaiti, hata kama pameota nyasi na kukauka, jua mto ulishawahi kupita hapo.

Sasa mafuriko yenyewe, hapa ndo penye utamu. Maji yakivuka tu ukingo spidi inashuka ghafla, mchanga ambao ni mzito unaanguka hapo hapo pembeni, ila tope laini linaendelea na safari mpaka mbali. Ndio maana kwenye mito mingi mikubwa ardhi iliyo karibu kabisa na mkondo ni ya juu kidogo na inapitisha maji vizuri, na ile ya nyuma yake ni ya chini, ya mfinyanzi, inatuama maji. Wakulima wa mabondeni walilijua hili zamani sana kabla sisi wa vyuoni hatujaja na ramani zetu: wanajenga na kupanda miti pale juu, mpunga wanaupeleka kule chini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni delta ya ndani ya mto Niger, nchini Mali, yaani tambarare kubwa ambako mto unatandaa mbali na bahari. Eneo moja linatumika kwa zamu kufuata maji, mafuriko yakipanda Wabozo wanavua samaki, mpunga nao unakua ndani ya maji hayo hayo, yakishuka Wafulani wanaingiza ng'ombe kula majani yaliyoachwa na mto. Mfumo huu unategemea maji yapite, kwa sababu yakizuiwa wote watatu, mvuvi, mkulima na mfugaji, wanakosa.

Linganisha na Nile. Kila mwaka ilikuwa inateremsha tope kutoka nyanda za juu za Ethiopia na kulitandaza Misri. Bwawa kubwa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 Misri ilipata umeme na maji ya uhakika, hilo silipuuzi hata kidogo, lakini tope sasa linabaki ziwa Nasser, nyuma ya bwawa, wakulima wanategemea mbolea za viwandani na fukwe za delta pale Rosetta, mto unapoingia baharini, zinaliwa na bahari maana hakuna udongo mpya unaokuja kuziba.

Matuta, yaani kuta za udongo zinazojengwa kando ya mto kuzuia mafuriko, nayo yana shida yake. Ukiubana mto katikati ya matuta, tope lililokuwa linaenda mashambani linaanguka ndani ya mkondo, sakafu ya mto inapanda, watu wanaongeza tuta, sakafu inapanda tena. Huang He, ule mto mkubwa wa China, ilifika mahali inapita juu kuliko mashamba ya pembeni, na mwaka 1855 ikabomoa na kuhamisha mdomo wake mamia ya kilomita kwenda kaskazini. Mwaka 2008 mto Kosi nao ulivunja tuta kule Nepal ukaingia Bihar, India, kwa njia yake ya zamani, na watu wengi sana wakakosa makazi. Waholanzi, ambao kwa matuta nadhani hakuna wa kuwafundisha, baada ya maji ya mito kujaa sana mwaka 1993 na 1995 waliamua kuyarudisha nyuma baadhi ya matuta yao ili mto upate nafasi.

Kwa hiyo kama unataka kununua au kulima ardhi ya mtoni mimi sikukatazi, ni ardhi nzuri mno. Ila usijenge upande wa nje wa kona, hata kama ukingo unaonekana imara kiangazi. Usikate miti na matete ya ukingoni, mizizi yake ndo imeshika huo udongo. Na ukiona watu wanachota mchanga kwa malori kutoka kwenye mkondo uliza maswali, maana sakafu ikishuka kingo zinaporomoka, nguzo za madaraja zinabaki wazi na visima vya jirani vinaweza kukauka. Afu kabla hujalipa chimba shimo la mita moja au mbili na uangalie ukuta wake: ukikuta tabaka la mchanga katikati ya tope, mafuriko yalishafika hapo yakiwa na nguvu, na kama matabaka ni mengi basi hapo weka mazao, nyumba katafute sehemu ya juu zaidi.