Kuhesabiwa hakukulazimu kurudi kwenu

Kila sensa ikikaribia, pale Mwembe Tayari hukosi kusikia mtu akisema lazima apande basi arudi bara, ati akihesabiwa Mombasa kwao watapungua. Sivyo. Sensa ya Kenya haikuhesabu kwa asili yako. Inakuhesabu ulipolala usiku wa sensa.

Mwaka 2019, usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Hata karani aliyebisha hodi siku kadhaa baadaye, kishikwambi mkononi, aliulizia usiku huo huo. Mgeni aliyelala kwa shangazi yake Kisauni alihesabiwa Kisauni. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita usiku aliingia. Aliyechelewa hata dakika kumi, basi tena. Bawabu aliyekesha getini Nyali aliandikwa pamoja na watu wa nyumbani kwake, kana kwamba alilala nao.

Na asili yako haipotei: dodoso liliuliza kabila na ulikozaliwa.

Mombasa ilipata watu 1,208,333. Kwangu mimi, anayefunga safari akahesabiwe kwingine anajipunja mwenyewe, maana idadi hiyo huingia kwenye hesabu ya kugawia kaunti fedha na kwenye kuchora mipaka ya maeneo bunge. Maji unachota Likoni, mwanao anasoma Likoni, ukiugua foleni unapiga Likoni. Kisha mgao wako ukaongezewe kaunti unayoiona Disemba pekee?