Mkondo wa Pangani haumcheleweshi anayevuka

Kila tukifika kwenye vekta (vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, tunavyovichora kwa mishale) na kidato cha tatu, nawapeleka kwa maneno tu hadi mto Pangani, pale watu wanapovukia kwenda Bweni. Tuseme upana ni mita 200, boti inakwenda mita 2 kwa sekunde kwenye maji yaliyotulia, na mkondo unashuka baharini kwa mita 1.5 kwa sekunde. (Namba ni zangu, ili hesabu itoke vizuri, sikwenda kuupima mto kwa futikamba.) Nahodha ameelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ng'ambo moja kwa moja. Atavuka kwa sekunde ngapi?

Karibu darasa zima husema atachelewa kwa kuwa maji yanamvuta. Hachelewi! Atatumia sekunde 100 zilezile ambazo angetumia kama maji yangekuwa yamelala. Mkondo unamsukuma kuelekea baharini tu. Haumpeleki ng'ambo wala haumrudishi alikotoka. Utamshusha mita 150, basi. Aliyesimama ukingoni ataiona boti ikikata mshazari kwa mita 2.5 kwa sekunde: 2 kipeo cha pili, 1.5 kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo. Njia imerefuka hadi mita 250, lakini na mwendo umeongezeka. Gawanya uone.

Anayechelewa ni yule anayetaka kutua mkabala kabisa na alikoanzia. Huyo ataelekeza omo upande wa bara, karibu nyuzi 49 kutoka mstari wa kuvuka, na sehemu kubwa ya mwendo wake italiwa na mkondo. Inayobaki ya kuvukia ni mita 1.3 kwa sekunde, na safari inafika sekunde 151. Mkondo nao ukifikia mita 2 kwa sekunde, asahau, hakuna pembe itakayomfikisha pale. Maji ya bamvua (yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida) yakiwa yanapwa ndipo hesabu hii inapouma. Yakianza kujaa, mshale wa mkondo unaweza kugeuka ukaelekea bara, na mchoro wote uanze upya.

Kuhusu kani, yaani nguvu za kusukuma na kuvuta, nitasema kidogo. Boti ikiwa kwenye mwendo usiobadilika, wengi hudai msukumo wa injini umezidi. Ungezidi, boti ingezidi kuongeza mwendo. Msukumo wa propela na ukinzani wa maji vimelingana, jumla sifuri. Nahodha akizima injini, ukinzani unabaki peke yake, unaila tofauti ya mwendo kati ya boti na maji mpaka inakwisha. Hapo boti inachukuliwa kwa mita 1.5 kwa sekunde kuelekea baharini, na jumla ya kani ni sifuri tena.