Kale kamstari ka rangi chini ya dawa ya meno si siri ya kemikali

Kuna ile meseji haiishi kwa magrupu ya WhatsApp, ya ploti, ya chama, hata ya shags, eti ukigeuza tyubu ya dawa ya meno uangalie kamstari chini: kijani ni asilia, buluu ni asilia na dawa, nyekundu ni asilia na kemikali, nyeusi ni kemikali tupu.

Sio kweli. Ile alama ni ya mashine. Kiwandani tyubu zinatengenezwa mbio sana, sasa kuna sensa, kale kajicho ka mashine, inasoma hiyo alama ndio mashine ijue tyubu imekaa vipi, ikatwe na kufungwa wapi. Rangi inachaguliwa tu ionekane vizuri juu ya rangi ya tyubu, mara nyingi ni wino uleule umechapa jina.

Chukua pakiti ya krispi hapo kwa duka ya mtaa, angalia pembeni karibu na ile mshono, utapata kaboksi kama hako, na hakuna mtu ameuliza kama krispi ni asilia. Ukitaka kujua kilichomo kwa dawa ya meno soma orodha ya viungo kwa boksi yake, floraidi na vingine vimeandikwa hapo, ingawa herufi ni ndogo ajabu. Na hilo neno kemikali lisikutishe, hata maji ni kemikali.

Naelewa kwa nini tunaamini, tumezoea rangi zina maana, nyekundu hatari, kijani sawa, na kitu kikichapwa bila maelezo tunajijazia. Basi ikikufikia usiiforward, mwambie tu polepole aliyetuma. Jirani yangu alikuwa ametupa tyubu haijafika hata nusu.