Je, wajua wimbo uliouzwa shilingi 10 ulirudije kwa watoto wa mtunzi?

Katika filamu ya katuni The Lion King ya mwaka 1994, Timon na Pumbaa wanaimba kuhusu simba aliyelala msituni. Wengi tuliupokea kama wimbo wa Wamarekani. Kumbe ulizaliwa Johannesburg mwaka 1939, pale Mzulu Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds waliporekodi "Mbube" katika studio ya Gallo. Ile sauti ya juu ambayo baadaye iliwekewa maneno ya Kiingereza, Linda aliibuni papo hapo mbele ya kipaza sauti.

Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likaupandisha wimbo huo hadi namba moja Marekani, sifa za utunzi zikaenda kwa wengine. Mwaka uliofuata Linda akafariki fukara, na mjane wake hakuwa na fedha za jiwe la kaburi.

Mtu akishauza ameuza, watoto wangedai nini tena? Jibu lilikuwa kwenye sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyofuatwa pia Afrika Kusini. Ilimlinda msanii anayeuza kazi kwa bei ya kutupa kabla thamani yake haijajulikana: miaka 25 baada ya kifo chake, haki zinarudi kwa warithi, hata kama yeye mwenyewe alisaini kuziuza zote. Kwa Linda, hiyo ni 1987, miaka saba kabla ya filamu.

Mwanasheria Owen Dean akakifufua kifungu hicho. Disney ikashtakiwa Pretoria mwaka 2004, na alama zake za biashara nchini humo, zaidi ya 200, zikashikiliwa. Mwaka 2006 pande zikapatana: Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza, na familia ilipwe mirabaha ya nyuma na ijayo.

Sioni ubaya kuazima sauti. Muziki wetu wa dansi umechota sana kwenye rumba ya Kongo, nayo rumba ilichota Kuba. Kilichoniuma hapa ni jina la mtu kufutwa wakati wengine wanaendelea kula jasho lake.

Kifungu kile hakimo tena katika sheria ya Uingereza ya 1956, wala ya Afrika Kusini ya 1965. Anayeuza wimbo wake huko leo hana kinga hiyo.