Sahani moja ya daku, ndugu wawili

Kila Ramadhani akina mama wa Ngamiani na Makorora, mitaa ya Tanga, hutujia na swali lile lile. Mdogo, wa miaka 6, kang'ang'ania kufunga kama wakubwa. Adhuhuri haijapita, kanywea, jasho jembamba linamtoka, ukimsemesha anakutazama tu. Dada yake wa miaka 13, waliyekula daku sahani moja, yuko kwenye mbuzi anakuna nazi ya futari huku akiimba. "Daktari, huyu mdogo ana kisukari?"

Mara nyingi sana hana. Ni umri.

Sukari ya damu huongozwa zaidi na homoni mbili za kongosho. Insulini huiteremsha kwa kuiingiza kwenye misuli na kuiweka akiba katika ini. Glukagoni huipandisha: njaa ikikaa, huliamuru ini lifungue ghala. Utumbo nao una homoni zake, ambazo huliamsha kongosho mara chakula kinaposhuka. Kwa mtoto mwenye afya, awe wa miaka 6 au 13, sukari kabla ya chai ya asubuhi huwa kama milimoli 3.9 hadi 5.5 kwa lita. Namba haisogei sana. Jasho la kuishikilia ndilo linalotofautiana.

Kwa mdogo, shida ni ghala. Ini dogo, misuli haba, na ubongo mlaji: kwenye miaka 5 hivi, ubongo hula zaidi ya asilimia 40 ya nishati ya mwili mzima, wakati wa mtu mzima aliyetulia hula kama asilimia 20. Glukagoni inaita, ghalani pamebaki makombo, na mwili unageukia kuchoma mafuta mapema kuliko wa mkubwa. Akinywea hivyo, mpe chai ya sukari au uji hapo hapo, bila kumsimanga. Utaratibu wa watoto kufunga nusu siku una hekima kuliko tunavyoupa sifa.

Dada yake ana habari nyingine. Keshaanza kubalehe, hata kama hajavunja ungo. Homoni ya ukuaji, hiyo hiyo inayomfupishia sare ya shule kila muhula, huifanya misuli iwe mizito kuisikia insulini. Usikivu huo hupungua kwa robo hadi nusu, hasa katikati ya balehe, kisha hurudi karibu na ulivyokuwa ukuaji ukiisha. Kongosho lenye afya hujibu kwa kumwaga insulini zaidi. Mahamri yale yale kwa mbaazi, yeye hutoa insulini nyingi kuliko mdogo wake, na kipimo cha sukari hakioneshi lolote.

Kwa kijana mwenye uzito mkubwa, mzigo huo huangukia kongosho ambalo tayari lilikuwa limelemewa. Shingo yake ikiwa nyeusi, nene, kama mahameli, bibi huisugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Haitoki kwa dodoki; ni ishara ya mzigo huo wa insulini. Mleteni apimwe.

Kuhusu mashine ya babu ya kupimia sukari: mmemtoboa mtoto kidole saa 1 baada ya mahamri, ikasoma 7.5, nyumba nzima ikalia. Hiyo ni ya mtu aliyetoka kula. Lakini aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, anabugia maji, anakonda, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mnahisi ni malaria. Ikisoma 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizo, msingoje kupambazuke.