Kisu cha Piza Kiko Mkononi mwa Nani?

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi Kampala, nilipeleka mezani piza tatu nzima, hazijakatwa, kwa familia ya watu saba iliyokuja kusherehekea mahafali ya binti yao. Nilikuwa nimetoka Mombasa na kichwa kimejaa mafunzo ya mpishi Mtaliano, ambaye kwake kuikata piza jikoni ni jirani wa dhambi. Nikaitua ya kwanza mbele ya mzee wa familia, nikapanga kisu na uma, nikarudi nyuma hatua mbili. Mzee akaitazama piza, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka cha mwanajeshi mstaafu: "Kijana, huko jikoni visu vimeisha?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Nikazibeba piza zangu kurudi jikoni, na zilipotoka mara ya pili zilikuwa zimekatwa vizuri na zimepoa vibaya.

Miaka imepita. Siku hizi nusu ya kazi yangu ni jikoni na nusu ni kufundisha wahudumu, na bado naanza na swali la yule mzee kila ninapopokea wanafunzi wapya. Kisu kiko mkononi mwa nani? Kikiwa mkononi mwa mlaji, piza ile ni sahani ya mtu mmoja. Kikibaki jikoni, piza imekuja kama sinia, na kila aliyeketi ana haki yake humo.

Tumtendee haki yule mwalimu wangu Mtaliano, kwa sababu hakuwa na kiburi cha bure. Piza ya Napoli huokwa katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 430 hadi 480 za Selsiasi, kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Donge lake ni unga, maji, chumvi na hamira, basi. Katikati ni nyembamba, milimita nne au pungufu, na kwa muda mfupi namna ile maji ya nyanya na ya jibini hayapati nafasi ya kukauka. Ukiikata jikoni, maji yale hupenya kwenye mikato na kuingia chini, na kabla mhudumu hajafika mezani, kitako cha piza kimelowa kama chapati iliyoangukia mchuzini. Ndiyo maana huletwa nzima, moja kwa kila mtu, na mlaji huikata mwenyewe kidogo kidogo kadiri anavyokula. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ustadi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akukatie nane, lazima anune.

Lakini Napoli hiyohiyo, ukitoka mkahawani ukasimama barabarani, utauziwa piza ndogo iliyokunjwa mara mbili ikawa robo ya duara, imefungwa kwenye karatasi, uile ukitembea. Wao wanasema imekunjwa kama pochi. Mganda yeyote aliyewahi kununua Rolex kando ya barabara anaijua tabia hiyo: chapati imeviringishiwa mayai, nyanya na kabeji, imefungwa kwenye karatasi au kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na safari inaendelea. Barabarani hakuna meza, kwa hiyo uma hauna kazi.

New York ni hadithi nyingine. Huko piza ni pana, donge huongezwa mafuta na mara nyingi sukari kidogo, na huokwa kwa joto la chini zaidi kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kitako hukakamaa. Inauzwa kipande kimoja kimoja, na mlaji hukikunja kwa urefu. Wanafunzi wangu huwa wanadhani kukunja kule ni madoido. Naona ni akili ileile ya mabati ya paa. Bati lililonyooka hulegea ukilishika upande mmoja, lakini likipigwa mawimbi husimama imara. Kipande cha piza nacho ukikikunja katikati, ncha haianguki na jibini haikumwagikii kwenye shati. Januari 2014 meya mpya wa jiji hilo, Bill de Blasio, alionekana akila piza kwa uma na kisu, na magazeti yakamshukia kama aliyetukana kaburi la babu. Kwa upande wake alijitetea kwamba ndivyo wanavyokula kwa asili ya mababu zake, Italia. Wote wawili walikuwa na haki yao.

Ukienda Chicago, uma unarudi mezani, maana piza yao ya kina kirefu ni kama sufuria ya jibini. Ilianzia kwenye mkahawa uliofunguliwa mwaka 1943, na haishikiki kwa mkono hata ukiamua. Roma wanauza piza ya mstatili kwa uzito, muuzaji anakata kwa mkasi pale unapomwonyesha. São Paulo wanakula kwa uma na kisu. Buenos Aires wanaweka juu ya kipande cha piza kipande kingine cha mkate bapa wa unga wa dengu, wanauma vyote pamoja. Nikiwaeleza wahudumu wangu hili la mwisho huwa hawashangai hata kidogo. Watu waliozoea kuona matoke, wali na viazi kwenye sahani moja watashangazwa na nini?

Sasa hapa Uganda. Piza ilipoingia mikahawani kwetu ilikuta utaratibu wa kula uliokamilika, nayo ikabidi ijifunze adabu. Watu wanakuja kwa kikundi: familia baada ya misa, wafanyakazi wa ofisi moja, vijana waliochanga. Piza inakatwa vipande nane jikoni kwa kisu cha gurudumu, inawekwa katikati, na mikono inaanza kazi. Mimi ni mtoto wa Pwani, sinia si jambo geni kwangu. Kwetu mtoto hufundishwa mapema kula mbele yake: usivuke kwenda kuchokoa nyama iliyo upande wa mwenzako. Nimeona akina mama hapa Kampala wakiifundisha adabu ileile juu ya piza. Mtoto ananyoosha mkono kwenye kipande cha ng'ambo chenye kuku wengi, na mama anakigonga kile kidole polepole bila kuacha mazungumzo yake.

Vyombo navyo huzungumza kabla ya mhudumu kufungua mdomo. Ukileta birika la maji ya uvuguvugu na beseni, mgeni ananawa, na hapo umeshamwambia kwamba mkono unaruhusiwa. Ukipanga uma na kisu bila maji, umemwambia akate. Ukiwa na wageni Waislamu zingatia zaidi. Mpangilio wa Kizungu unaweka uma kushoto, na mtu anayekula kwa mkono wa kulia atalazimika kukata, aweke kisu, ahamishe uma, ndipo ale. Kwa piza nzima hiyo ni kazi ya nusu saa. Wakatie mapema, na walete maji.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni chupa. Mtaliano akiona mtu anamiminia piza yake sosi ya nyanya ya chupa huumia moyoni, na mimi niliiga maumivu hayo kwa miaka kama miwili. Wageni walikuwa wakiomba tomato na pilipili kabla hata hawajaonja, nami nikiona wananidharau. Kisha akaja jjajja mmoja, yaani bibi, amevaa gomesi ya kijani, ameletwa na wajukuu. Akaumega ukingo wa kipande chake, akautafuna taratibu, akauliza wajukuu kwa Kiganda, enva ziko wapi?

Kwa Waganda mlo kamili una pande mbili. Kuna emmere, yaani matoke, posho (ugali), viazi au muhogo, na kuna enva, kile cha kuteremshia. Kwa Kiswahili tungesema kitoweo. Chakula bila kitoweo ni kikavu, ni mzaha. Jjajja alikuwa ameshika unga uliookwa, mkononi mwake ile ni emmere, na ile nyanya kidogo iliyopakwa juu haikutosha kuitwa enva. Niliingia jikoni, nikapasha sosi ileile tunayopaka kwenye piza, nikaongeza pilipili kidogo, nikamletea kwenye bakuli. Alikula vipande vitatu, anamega, anachovya, anamega. "Webale, ssebo," yaani asante, bwana, akaniambia, na akaufuta ukingo wa bakuli kwa mkate wa mwisho.

Tangu siku hiyo bakuli lile liko kwenye kila meza yetu, na faida yake nyingine ni kwamba ukingo wa piza hautupwi tena. Zamani sahani zilirudi jikoni zimejaa mifupa ile ya mkate.

Kidogo kuhusu ukubwa, maana hapa ndipo wateja hupoteza pesa. Watu huona piza ya sentimita 30 ni moja na nusu ya ile ya sentimita 20. Sivyo. Duara hukua kwa mraba wa upana wake, kwa hiyo ile ya 30 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 20. Kama mko wengi na mtakula kwa pamoja, kubwa moja huwashibisha kuliko ndogo mbili. Ndogo mbili zina maana pale tu mmoja anapotaka ya mboga na mwingine hataki kuisikia.

Na kama unaagizia nyumbani, sahau Napoli kabisa. Boksi hushika mvuke, mvuke hulainisha kitako, na bodaboda hapiti barabara iliyonyooka. Hapo inafaa piza iliyookwa zaidi, yenye vitu vichache juu, imekatwa, na katikati ichomekwe kile kikalio kidogo cha plastiki chenye miguu mitatu kinachozuia kifuniko kugusa jibini. Mmarekani Carmela Vitale alipata hataza yake mwaka 1985. Kikalio hicho hakisaidii lolote dereva akilisimamisha boksi wima kati ya magoti yake, na nimepokea simu za kutosha kuhusu hilo.

Linabaki suala la kipande cha mwisho. Vipande nane kwa watu saba, na hakuna anayekigusa. Kila mmoja anamwambia mwenzake akichukue, mwenzake anajibu ameshiba. Wahudumu wapya hufanya kosa la kuiondoa sahani wakidhani watu wamemaliza, na ghafla nyuso zinabadilika. Nawafundisha kusubiri, kisha wamuulize mkubwa wa meza kwa sauti ya chini: "Nyabo (mama), tuwafungie?" Hapo anaitikia kwa furaha, kama kwamba wazo ni la mhudumu. Kipande kinafungwa kwenye karatasi, na dakika tano baadaye huwa nakiona tena nikichungulia dirishani: kiko getini, mkononi mwa askari, amekikunja katikati kama Rolex.